Aliyekuwa Akiangalia Mapovu

Jumatano, tarehe kumi na tisa, saa tano asubuhi. Nahodha wa boti ya wapiga mbizi ameinama nyuma, mkono mmoja umezama ndani ya injini iliyozima. Chini yake, kina cha nyumba ya ghorofa nne, kuna wageni sita na kiongozi wao. Anatoa plagi, anaifuta kwa shati, anairudisha, anaitukana kidogo. Injini inakohoa, inawaka. Anainua kichwa kutafuta mapovu.

Hayapo.

"Nilizungusha macho kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni," anasema. "Nikajiambia, basi, leo nimeua watu."

Hakuua mtu. Mkondo ulikuwa umewabeba hadi nyuma ya kisiwa. Aliwapata baada ya karibu saa nzima, wamekumbatiana chini ya puto la rangi ya chungwa la kuonyesha walipo, mmoja analia, mwingine ameshatapika mpaka basi. Lakini kwa nahodha huyu wa miaka hamsini na nane, siku hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu, maana jioni yake meneja wa kampuni alimwambia mbele ya wenzake kuwa alikuwa anachezea simu. Kosa jingine, akafungashe vyake.

"Simu yangu ya tochi," anasema. "Ningeichezea nini?"

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mpiga mbizi akipumua huko chini, hewa hupanda juu kama mapovu, na boti huyafuata polepole ili watu wakiibuka waikute. Inataka watu wawili: mmoja ashike usukani, mwingine asibandue macho majini.

Kwa miaka kumi na moja, macho hayo yalikuwa ya mke wake.

Kampuni ilimleta kuwapikia wageni chai. Akawa anakaa mbele ya boti, kitambaa kichwani, miguu inaning'inia, anamwelekeza mumewe kwa kelele. "Kushoto! Kushoto, mume wangu, huko unakokwenda kuna nini, kuna mwanamke?" Wageni walimwita Mama Macho. Upepo ukichafua maji mpaka mapovu yasionekane, yeye aliyaona.

Mshahara hakuwahi kupewa. Alipewa chakula cha mchana na ahsante.

Alifariki mwaka juzi kwa presha, kwenye benchi la hospitali, akisubiri kitanda. Mumewe hataki kulizungumza sana. "Waliambiwa wasubiri watu wote pale," anasema. "Ila mkubwa akija na mafua yake, kitanda kinapatikana." Alipomaliza matanga alikwenda kwa meneja kuomba mtu wa kushika nafasi ile. Meneja akashangaa kweli kweli: nafasi ipi, mzee?

Tangu hapo anaendesha na kuangalia peke yake. Nusu ya mshahara inakwenda kwenye kodi ya vyumba viwili anavyoishi na binti yake. Shingo inamuuma usiku.

Jumatatu hii wafanyakazi wamekaa na meneja kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa, suti za mpira zinachuruzika maji kwenye kamba, feni inazunguka bila kutoa upepo. Inapangwa safari ya siku nne, kuanzia Jumamosi, kwenye visiwa vidogo vya mbali, ambako mkondo hupita katikati kama mto. Wageni kumi, kiongozi, mpishi, mpiga picha. Nafasi za wageni zimejaa.

"Mzee, mafuta utajaza Ijumaa," anasema meneja.

"Nitajaza. Na mwenzangu?"

"Mwenzako yupi?"

"Wa kuangalia maji."

"Jamani, mzee, si tulishamaliza hiyo? Wewe macho unayo."

"Ninayo, bosi. Na mikono ninayo miwili. Injini yako inataka mitatu."

Watu wanacheka. Kiongozi wa wapiga mbizi anaacha kucheka mapema kuliko wengine. Yeye ndiye atakayekuwa chini. "Mzee anasema kweli, bosi," anasema.

"Basi mpiga picha aangalie."

"Mimi nitakuwa chini nao," anajibu mpiga picha. "Au niwapige picha vichwa?"

"Mpishi."

"Mimi nikikodolea maji natapika, bosi. Tena kwenye sufuria."

Meneja anatazama simu yake inayoita. "Tutaona," anasema, anatoka nje kuipokea.

"Ataona nini, na bahari haijui?" nahodha ananong'ona, akikusanya vikombe ambavyo si kazi yake kuvikusanya.

Mtu yupo. Binti yake, mwenye miaka ishirini na tatu, alikulia ubavuni mwa mama yake mbele ya ile boti, na leo anauza vocha kwenye kibanda. Mpango wa baba ni huo: aajiriwe, kwa jina lake, alipwe kila mwezi kama mtu yeyote. Meneja alishamjibu kwamba kama binti anapenda bahari aje tu, chakula kipo.

"Chakula kipo," nahodha anarudia. "Mama yake naye alianza hivyo hivyo. Nikimleta bure, nitakuwa nimemzika mke wangu mara ya pili."

Binti hakubaliani naye. Jioni, anapomkanda shingo kwa maji ya moto, anamwambia bila kuzunguka.

"Baba, mimi nije tu."

"Wakulipe kwanza."

"Na wasiponilipa?"

"Basi wajijue."

"Watakaozama si wao. Ni wale wageni, na yule kaka kiongozi ana mtoto mchanga. Na kesi utapewa wewe." Anakamua kitambaa, anakirudisha shingoni. "Jumamosi nipande boti au nisipande?"