Plagi ya Kupandia Mlima

Mwezi uliopita nilikwenda Karatu kwenye kikao cha harusi, na getini kwa baba mdogo nikaikuta pikipiki ya baba. Imepakwa rangi nyekundu ya kung'aa, imesimamishwa juu ya jukwaa la saruji katikati ya maua, ili watalii wanaolala kwenye hoteli yake wapige nayo picha. Niliitambua kwa bonyeo la tangi la petroli. Kama umewahi kukuta koti la marehemu wako limevaliwa na mtu mwingine, utanielewa. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikasahau hata kupiga hodi.

Baba alikuwa bwana mifugo, miaka ile ambayo sabuni ilikuwa ya kupanga foleni na sukari ya kusikia kwa jirani. Tulikaa Rhotia. Kazi yake ilikuwa kuchanja ng'ombe, kuanzia wa kwetu sisi Wairaqw mpaka wa Wamasai kule juu Ngorongoro, na pikipiki hiyo aliachiwa na mlowezi mmoja Mwingereza aliyefunga shamba lake la kahawa akaenda zake. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya mahindi, tulimsikia baba akiipiga kiki mpaka anaishiwa pumzi, na mama jikoni akikoroga uji na kusema chini chini kwamba punda angekuwa ameshafika.

Kila kitu kilitegemea plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Baba alikuwa nazo mbili tu, alizozipata Arusha kwa kubembeleza sana, akazitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Moja ilikuwa na pua ndefu ya kauri nyeupe, nyingine pua fupi. Ya pua ndefu hushika joto, kwa hiyo ilifaa mizunguko ya kijijini, mwendo wa polepole na baridi, ambako ile fupi ingejaa masizi na kuzima. Lakini kupanda Ngorongoro na mzigo, injini ikitoa jasho lake lote, kulitaka pua fupi, ambayo hupoa upesi. Ukipanda na ndefu, pua inageuka kaa la moto, petroli inawaka kabla ya zamu yake, na pistoni inatoboka.

Jioni, makande yakichemka, mimi nilikuwa nazisugua kwa brashi ya waya na baba anaziinua kwenye mwanga wa mlango. Ikiwa nyeusi, alisema, injini inakula kuliko inavyofanya kazi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, lala usingizi. Mpaka leo nikimiminiwa chai huwa naitazama kwanza rangi yake.

Baba mdogo alikuwa kijana wa suruali pana na kitana mfukoni, na hakukuwa na jambo asilolijua. Yeye alisema Ngorongoro kuna baridi kuliko Karatu, basi huko ndiko kwa kwenda na pua ndefu, kama mtu anayekwenda kwenye baridi anavyobeba blanketi. Nusu ya kijiji ilimuunga mkono. Sisi watu wa nyanda za juu tunaiogopa baridi kuliko tunavyoogopa moto. Baba alimjibu mara moja tu.

"Mdogo wangu, anayepanda mlima na mzigo hajifuniki blanketi."

Huko juu baba alikuwa na rafiki, mfugaji wa Kimasai. Mwaka mmoja wa ukame baba alimpa mtamba wetu aanzie upya, na tangu hapo, kwa desturi ya Wamasai, hawakuitana tena kwa majina. Kila mmoja alimwita mwenzake Pakiteng, jina la watu waliounganishwa na ng'ombe. Akishuka mnadani alipitia kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando yanayonukia moshi. Mimi nilikuwa nikiinamisha kichwa, kama mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mkubwa, naye akiweka kiganja chake utosini. Bibi, aliyezaliwa enzi za kuvamiana na Wamasai, mwanzoni alikuwa akifunga mlango akimwona. Baadaye alimtengea kikombe chake mwenyewe, na ole wake mjukuu atakayekinywea.

Kisha sotoka, ule ugonjwa unaofyeka mazizi mazima ya ng'ombe, ikaanza kusikika upande wa Loliondo. Chanjo ilifika kwa baba ndani ya sanduku la barafu, na Pakiteng akazunguka boma kwa boma kuwasihi watu walete ng'ombe kwenye josho. Wengi walikuja kwa sababu ya neno lake.

Jioni ya kuamkia safari, baba mdogo alirudisha pikipiki. Alikuwa ameiazima kwa mizunguko yake ya uchumba, na siku hiyo wazee wa upande wa mchumba walikuwa kwetu, wameketi, nami nawagawia chai. Baba alikwenda uani akiwa na spana mkononi. Akamuuliza mdogo wake kama ameirudisha kwenye injini ile plagi ya pua fupi.

"Nimeirudisha, kaka," alisema baba mdogo kwa sauti, wazee wote wakisikia.

Kwetu, kitu alichokurudishia ndugu hukikagui mbele ya wakwe zake. Ni kumvua nguo hadharani. Mama alizoea kutuambia heshima si utumwa, na jioni ile niliiona heshima ikifanya kazi yake: baba aliitazama injini, akaitazama spana, akairudisha spana kwenye sanduku. Plagi ya pili, aliyoileta baba mdogo, ilibaki imeviringishwa kitambaani bila kufunuliwa. Alfajiri baba mdogo mwenyewe ndiye aliyepiga kiki, na pikipiki ikawaka mara ya kwanza, kwenye baridi ile. Baba alisita kidogo. Wazee, waliolala kwetu, walikuwa mlangoni kumuaga. Akapanda, akaondoka.

Ilimfia katikati ya msitu, kwenye ule mpando mrefu. Alikaa kando ya barabara na sanduku la barafu mapajani mpaka lori likapita alasiri. Alipofika joshoni, ng'ombe walikuwa wamesimama tangu asubuhi bila malisho, na barafu ilikuwa maji ya vuguvugu. Angeweza kuwachoma ng'ombe ile dawa iliyokufa, na hakuna ambaye angejua. Aliimwaga chini mbele ya watu wote. Akawaambia pikipiki imeharibika. Iliharibikaje, hakusema.

Chanjo nyingine ilichelewa kuja. Sotoka haikuchelewa. Zizi la Pakiteng lilibaki na kunguru, na yule mtamba wetu alikwenda na uzao wake wote.

Tulikutana naye mnadani Karatu, mimi na baba. Niliinamisha kichwa, na kiganja kikanigusa utosini kama kawaida, ila kiliondoka haraka. Kisha akamgeukia baba, akampa mkono.

"Habari za kazi, bwana mifugo."

Baba aliitikia kwamba ni nzuri. Kile kikombe bibi alikiosha, akakifunika, na hakuna aliyekinywea tena.

Usiku mama alimwambia baba kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Baba akamwambia afunike chungu. Baba hakumuuliza mdogo wake kitu mpaka anaingia kaburini, na mimi jambo hilo sijamsamehe baba, wala baba mdogo sijamsamehe, na sioni aibu kulisema. Ile plagi ya pua ndefu, ncha imeyeyuka na kugandwa na vitone vya pistoni iliyoyeyuka, aliirudisha kwenye kopo. Kopo liko kwangu Arusha, kabatini.

Sasa barabara ina lami, magari ya watalii yanapanda msitu ule abiria wakisinzia. Hakuna anayeinua plagi kwenye mwanga wa mlango. Wala sijasikia tena mtu akimwita mwenzake Pakiteng kwa sauti ile.

Baba mdogo alitoka ndani na mkongojo wake. Nikamwamkia, akaitikia. Akaipapasa pikipiki, akasema wageni wanaipenda mno, anawaambia ni kumbukumbu ya marehemu kaka yake. Kinachoiharibu ni lile tundu tupu kwenye kichwa cha injini.

"Mwanangu, huna plagi ya baba yako mahali?"

"Ninayo," nikasema. "Ile ya pua ndefu."

Nilimtazama usoni, nikasubiri. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisubiri.

"Yoyote tu, mama," alisema, akifuta vumbi kwenye tangi kwa mkono wa shati. "Ni ya picha tu."