Mwisho Alioutunga Mfagizi

Saa nne kasoro dakika tano, kabla kengele ya mapumziko haijalia, Mama Kamusi anamwaga ndoo ya mwisho kwenye sakafu ya vyoo vya wavulana. Vyoo kumi na sita, ufagio mmoja. Mlangoni amesimama mwanafunzi wa kidato cha nne, kitabu mkononi, pua kaiziba.

"Mama, taharuki ni nini hasa?"

"Wewe hapo," anajibu bila kuinua kichwa. "Umebanwa, na hujui kama nitamaliza kudeki kabla hujaaibika. Mgogoro utaanza ukikanyaga sakafu yangu."

Kijana anacheka, anaandika.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na minane aliishia darasa la saba. Kwa miaka tisa alisafisha maktaba ya shule hii, na kila kitabu alichokifuta vumbi alikisoma. Alichokipenda zaidi ni mkusanyo wa hadithi fupi kumi na mbili za zamani, uliochakaa hadi kushonwa kwa uzi. Akanunua daftari. Kila istilahi aliyoisikia mwalimu akiitaja darasani, yeye akifagia nje, aliitafutia hadithi ya kuifafanua.

"Mandhari sikuielewa mpaka nilipomsoma mzee aliyefungiwa ndani ya ghala la chumvi," anasema. "Nilishikwa na kiu mimi mwenyewe. Kumbe hata mahali panaweza kuwa adui!"

Hadithi ya saba ilimpa taabu. Mjane anapokea barua, anaogopa kuifungua, na hapo hapo ukurasa wa mwisho umechanwa. Mama Kamusi akatunga mwisho wake: mjane anaikunja barua bila kuisoma, anaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Pembeni akaandika: kilele.

Mwalimu wa fasihi aliliazima daftari kwa wiki moja. Lilikaa kwake muhula mzima.

Mapema mwaka huu binti wa Mama Kamusi, aliye kidato cha nne hapo hapo, alirudi nyumbani na mwongozo mpya wa hadithi hizo, zinazotahiniwa mwaka huu, ambao kila mwanafunzi alilazimishwa kuununua, jina la mwalimu likimeta kwenye jalada. Alimsomea mama yake aliyekuwa akimenya vitunguu. Alipofika kwenye mguu wa meza, kisu kikasimama.

"Nilimwambia, mwanangu, hiyo meza ni yetu. Hebu inama uitazame."

Mama Kamusi alikwenda kwa mkuu wa shule. Kilichomuuma zaidi si jina. Alishapata nakala nzima ya mkusanyo kwa muuza vitabu vya mitumba, na humo mjane anaifungua barua na kukuta ni ya jirani. Watoto watajibu uongo kwenye mtihani, alisema.

"Mfagizi na fasihi wapi na wapi?" mkuu alimuuliza. Wiki iliyofuata alihamishiwa vyooni.

Mwalimu hakutaka maswali mengi. "Yule mama ananichafulia jina," alisema, akafunga mlango.

Kijana wa mlangoni bado anasubiri. Mama Kamusi anamwambia, kama anavyowaambia wote, kwamba barua ilikuwa ya jirani.

"Lakini Mama, kitabu kimesema meza."

Anauegemeza ufagio ukutani. Uchungu umemjaa, wala hauzuii. "Umeona? Niliyoyazua wanayaamini, mimi mwenyewe hawaniamini. Ukitaka kejeli, andika hiyo."

Amesoma masomo ya jioni kwa miaka mitatu. Mwaka huu atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, siku moja na binti yake. Binti huyo ndiye mwanafunzi pekee anayemwamini kuhusu barua ile.

Anachokingoja zaidi ni karatasi yenyewe.

"Pale juu hawaandiki jina, ni namba tu," anasema, akichota maji tena. "Msahihishaji hatajua kama mimi ni mfagizi. Atasoma tu nilichoandika."

Kengele inalia, na wavulana wanaingia wakikanyaga sakafu mbichi.