Neno Lililozidi Mstari

Kwa miaka thelathini na moja Agrafena Tikhonovna Sukhova alipanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda chetu cha chapa, kando ya mto Oka, na hakuwahi kubadilisha neno la mwandishi hata moja. Alijivunia jambo hilo mpaka akatuchosha. Kila asubuhi tulipopewa maziwa ya kupunguza sumu ya risasi, alikunywa yake kwa mkupuo mmoja, kisha akaanza kutusema.

"Wewe Prokhor, jana umemwekea mtu koma ambayo hakuiandika!"

"Koma tu, mama."

"Leo koma, kesho utamtungia kitabu kizima!"

Prokhor ni mimi.

Aprili ya mwaka 1936, jarida letu lilipokea hadithi ya Vikenty Osipovich Lapshin, mpima ardhi mstaafu. Shujaa wake alikuwa mwalimu kiziwi, na mji mzima ulijua ni nani: yule mzee wa Kaluga aliyepiga hesabu za roketi, tuliyemlilia alipofariki miezi saba nyuma. Katika hadithi, mwalimu anawaambia wanafunzi wake, "Mir haitutoshi," kisha anaruka nao kwenda mwezini.

Taabu ilikuwa hilo neno. Mir kwetu ni ulimwengu, na pia ni amani. Zamani yaliandikwa kwa i mbili tofauti, ukiona tu unajua. Mapinduzi yakaifuta i moja, mabaharia wa mapinduzi wakaja kiwandani wakazibeba herufi zake kwa ndoo, na tangu hapo maneno hayo hayatofautiani kwa macho.

Alhamisi asubuhi akaingia mkaguzi wa maandishi wa serikali, ndugu Zhilin, ukurasa wa majaribio mkononi.

"Amani haitutoshi?" alisoma kwa sauti. "Serikali inahubiri amani, nyie mnataka vita? Nani kaandika hivi?"

"Ni ulimwengu, ndugu mkaguzi," nikasema.

"Nani kakuuliza wewe? Leteni mswada wenyewe."

Mswada ulikuwa kwenye droo ya Agrafena, chumba cha nyuma. Ungemwokoa Lapshin papo hapo, maana alitumia ile i ya ulimwengu. Lakini aliandika kila kitu kwa tahajia ya zamani, ya kabla ya mapinduzi. Alikuwa na miaka sabini na mbili na mkono wake haukujifunza nyingine. Wiki mbili kabla, karani wa reli alichukuliwa kwa sababu ya shajara iliyoandikwa hivyohivyo. Mkewe alipeleka mkate gerezani kila siku, na kila siku alirudishiwa.

Agrafena akaenda nyuma. Mahali nilipokuwa nimesimama nilimwona vizuri. Alitoa zile karatasi, akafungua jiko la kuni, akazisukuma ndani zote. Kisha akarudi akijifuta mikono kwenye aproni.

"Haupo. Tumeshautumia kuwashia jiko."

"Na hili neno?"

"La kwangu. Mwandishi aliandika neno refu, lenye maana ya ulimwengu, likawa linazidi mstari. Nikaweka fupi."

"Umebadilisha neno la mwandishi?"

"Nimebadilisha."

Zhilin akaandika. Akamwambia avue aproni, na Jumatatu aripoti ofisini kwao. Kisha akaingia kwa msimamizi kunywa chai, akaacha mlango wazi.

Agrafena alikuwa bado anafungua kamba za aproni Lapshin alipofika kuchukua mswada wake. Hakuwa na nakala nyingine. Alipoambiwa umechomwa, alishika ukingo wa meza.

"Miaka tisa, Agrafena Tikhonovna! Miaka tisa! Halafu wanasema eti umebadilisha neno langu? Mimi niliandika mir, kwa ile i ya—"

"Uliandika upuuzi!" Agrafena akapiga kelele mpaka madirisha yakatikisika. "Upuuzi mtupu, mzee! Ndiyo maana nikauchoma!"

Kule kwa msimamizi kijiko cha Zhilin kiliacha kugonga bilauri. Tukasubiri. Kikaanza tena.

Lapshin akaiachia meza. "Na mimi nilikuwa nakusifu mji mzima," alisema, "kwamba wewe peke yako humu ndani una heshima." Akatema mate sakafuni, karibu na viatu vya Agrafena, akaondoka.

Agrafena alinitazama mimi. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, na mzee alikuwa bado anashuka ngazi, taratibu, ningeweza kumfikia nikamwambia ukweli. Nikainama nikaendelea kupanga herufi.