Udhuru wa Theluji

Nilikulia Bukoba, ambako mvua ni udhuru kamili. Ukisema mvua ilikuzuia, hakuna anayeuliza ilinyesha kiasi gani. Nilipohamia Toronto nikaukuta udhuru huohuo, tena mweupe. Kwa mtu kama mimi, ambaye kuvaa viatu tu ni safari, ilikuwa neema.

Dada yangu anaishi Barrie, kaskazini, zaidi ya saa moja kwa basi. Kule theluji huletwa na ziwa. Upepo wa baridi hupita juu ya maji yaliyo wazi, ukabeba mvuke na kwenda kuumwaga nchi kavu kwa vipande vyembamba: mtaa huu theluji magotini, mtaa wa pili jua. Mtu wa Bukoba haendi shule kuelewa hilo. Dada alikuwa na kalenda yake kichwani: Desemba na Januari unafukiwa, halafu ghuba ya ziwa hilo inaganda, na ikishaganda ziwa limefunga duka. Februari mwishoni unasafiri bila wasiwasi.

Kwa miaka mingi nilizuiwa na theluji kila Krismasi. Kisha mambo yakaharibika. Kwetu Toronto, mtaa wa Flemingdon Park, Januari ikaanza kunyesha mvua, na dada akaanza maswali. Nikahamia kwenye theluji ya kwake: nasikia huko kwenu hali ni mbaya. Mara nyingine ilikuwa kweli, mara nyingine barabara yake ilikuwa kavu kama sahani. Hata yeye hakuielewa tena. Ghuba ilichelewa kuganda, mwaka mwingine haikuganda ya maana, na theluji ikawa kama mgeni asiye na adabu: ukiingoja haiji, ukiisahau inakuja na mizigo yote.

Binti yake alipochumbiwa, dada akapanga posa Jumamosi ya mwisho ya Februari, kwa kalenda ile ya zamani. Mjomba ni mmoja tu, mimi, na wazee wa upande wa pili wakiuliza, mjomba ndiye hujibu. Akaniambia nisipofika safari hii, jirani yake Mkongo atakaa kwenye kiti changu, na harusini pia atakaa yeye.

Nikavaa suti, nikaenda. Toronto jua lilikuwa limetoka. Katikati ya safari tukaingia kwenye theluji ghafla, kama mtu anayeingia chumba kingine, na basi likakwama nyuma ya malori. Nikampigia.

"Dada, theluji imenizuia."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mdogo wangu, hapa jua linawaka. Huko kwenu pia, nimeangalia."

"Niko ndani ya basi."

"Uko ndani ya blanketi," akasema, akakata simu.

Nilikaa pale karibu saa mbili nikitazama kioo cheupe. Niliona kwamba uongo wangu wote ulikuwa umeegemea ukweli wa ziwa. Ziwa lilipoacha kushika ahadi zake, dada alipoteza kalenda, na mimi nikapoteza neno la pekee ambalo angeliamini.

Nilipofika, wingu nalo lilikuwa limehamia kwake. Wageni walikuwa wamewahi kabla njia haijaziba, na posa ilikuwa imekwisha. Jirani alikuwa kwenye kiti changu, anakula paja la kuku. Dada alitazama viatu vyangu vilivyolowa, akanipangusa theluji begani. Kisha akanipa koleo, maana magari ya wageni yalikuwa yamefukiwa.

Nilikuwa nahema kwenye gari la kwanza alipotoka baba mdogo wa bwana harusi, akiwa na brashi ya kufutia kioo. Akaniuliza mimi ni nani wa binti.

"Mjomba wake."

"Mjomba si tumemaliza naye ndani? Yule wa Kifaransa."

"Yule ni jirani."

Akaacha kufuta kioo. Akanitazama, suti, koleo na yote.

"Basi hatujamaliza," akasema. "Binti mnatupa, hamtupi?"

Nilikuwa na hotuba ndefu, nimeitunga tangu nyumbani. Lakini meno yalikuwa yakigongana. Nikamwambia tunawapa, ila tafadhali akaliulize tena swali hilo ndani, mbele ya dada yangu.