Nani Amempanda Ticha?

Juzi mjukuu wangu aliingia ndani akilia. Mkononi alikuwa na ringi yake, lile duara la mpira ambalo watoto hulizungusha kiunoni, na wenzake walikuwa wamemwambia kwamba kondakta wa basi la Masasi hatakubali kupakia dude kubwa kama hilo. Nilimwacha alie kidogo, kisha nikamwamuru anyamaze na alete kisu. Kisu kilipozama katika mpira ule mweusi, ilipanda harufu chungu, na mikono yangu ikaendelea na kazi bila kuniuliza mimi mwenyewe.

Mwenzangu, usinidhanie kikongwe. Huku kwetu mtu huitwa bibi angali na meno yake yote. Wala sikupelekwa shule hata siku moja. Mimi nasema na mjukuu anaandika, naye nimemwonya asitie neno lake. Nitakueleza namna tulivyotengeneza ringi ya kukunjwa zamani zile, nilipokuwa mtoto, na mpira wake tuliupata wapi.

Tuliishi Magomeni, hapa hapa mjini Mtwara, katika nyumba ya udongo iliyopigwa lipu upande wa mbele tu. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike, mama, na bibi aliyemzaa mama. Mwenye kauli alikuwa mjomba. Kwa desturi yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye anayeozesha, anayeamua na anayeadhibu. Baba yetu alikwishavuka mto Ruvuma kabla mdogo wangu hajaota meno, wala hakuna aliyemfuata. Mjomba alikuwa kuli bandarini. Kutwa nzima alibeba magunia ya korosho kwa bega, na jioni alirudi shingo imevimba, vumbi la magunia limemganda kwenye nyusi, na hasira yote aliyoimeza mbele ya wakubwa wake akija kuitapika kwetu.

Bandarini ndiko alikookota mpira wa maji, mweusi, mgumu, mnene kama kidole gumba. Aliukunja tabaka juu ya tabaka, akaufunga shina kwa katani, akautundika kwenye msumari juu ya mlango. Akaupa na jina.

"Huyu ni Ticha," alituambia. "Wenzenu wanafundishwa kwa chaki. Nyinyi mtafundishwa na huyu."

Basi tukasoma. Ukimwaga ndoo ya maji, Ticha. Uji ukishika chini, Ticha. Ukicheka wakati mjomba ana usingizi, Ticha. Kwa kuwa ulikunjwa, kila pigo liliacha mistari kadhaa iliyolala sambamba, na mama alipotukanda kwa maji ya moto na chumvi alipitisha kidole juu ya mistari ile kama anayeijua, kwa maana mgongo wake mwenyewe ulikuwa nayo. Jirani wa upande wa pili, mshona nguo, alikuwa mtu mwema. Kila aliposikia kilio chetu alipandisha sauti ya redio. Nilikua nikiamini kwamba redio zote hupiga kelele wakati wa magharibi.

Nisikupe picha ya giza tupu, maana hukuwa nasi. Palikuwa na harufu ya korosho zinazochomwa juu ya bati lenye matobo, maganda yakilipuka na kurusha mafuta yanayobabua ngozi, nasi tukizigombania zingali moto, midomo meusi. Palikuwa na bibi akipepeta unga wa mhogo na kuguna wimbo usio na maneno. Palikuwa na ngoma za unyago mitaa ya jirani, ambako mdogo wangu alichungulia kupitia makuti na kurudi akitikisa kiuno, hali umri wake haukumruhusu hata kuulizwa.

Mama alifua nguo Chuno, kwa karani mmoja wa bandarini, mtu wa bara. Karani yule alikuwa na binti, na binti alikuwa na ringi nyekundu iliyotoka Dar es Salaam. Siku tulipomsindikiza mama, binti alituzungushia ringi yake mbele ya pua zetu kwa maringo.

"Nyie wa huku mnajua kukata kiuno tu," alisema.

"Lete basi tukikate," akajibu mdogo wangu.

Akaivaa. Ilizunguka kiunoni, ikapanda kifuani, ikashuka magotini, ikapanda tena, naye ametulia kama mtu anayepiga mswaki. Binti wa karani alisubiri ianguke. Haikuanguka. Mwishoni alimnyang'anya na kukimbilia ndani akilia, na sisi tukarudi Magomeni tumelewa kwa ushindi.

Ushindi ule haukufika kesho. Karani alimlalamikia mjomba bandarini, mbele ya makuli wenzake, kwamba watoto wake wamemliza binti yake. Mjomba aliingia bila kuvua viatu. Alimtoa Ticha msumarini na kumkamata mdogo wangu mlangoni, na pale pale mlangoni alimpiga, mgongoni, mapajani, kisha kichwani. Redio ya mshona nguo ikaimba. Alipomwachia, sikio la kushoto la mdogo wangu lilikuwa likitoa damu, na baadaye likatoa maji. Tangu siku hiyo ukimwita kwa upande ule hakugeuka.

Bibi alimlaza kichwa mapajani, akampigia vidole kando ya sikio moja, kisha kando ya lingine, aone lipi linasikia. Akaniambia mimi, si mama: "Limebaki hili la kulia. Likipigwa na hili, mdogo wako hatasikia tena akiitwa."

Msimu wa kuokota korosho ulipofika, nyumba nzima ilihamia shambani, upande wa Ruvuma, kama tulivyofanya kila mwaka. Mjomba alibaki mjini na kazi yake, na alikuwa akija na lori lililofuata magunia. Alipotuaga alitia mkazo katika jambo moja: "Ticha msimsahau. Shambani ndiko kwenye wavivu."

Bibi alimtungua Ticha msumarini. Nilimwona amemshika mkononi, akimpima uzito. Kisha akanitupia, na kisu akakiweka juu ya kinu.

"Bibi, mjomba si amesema abebwe?"

"Amesema abebwe. Hakusema abebwe mzima."

Nilifungua katani, na mpira ukajinyoosha sakafuni kama nyoka aliyeshiba. Nilikata pale pale mjomba alipokuwa ameukunja, kwa kuwa mikunjo ilikwisha kuchoka. Vipande tulivipasha katika majivu ya moto na kuvipinda kwenye ubavu wa kinu hadi vikapoa vimejikunja kama mwezi mchanga. Kwa viungo nilitafuta kitu cha kujaza tundu la mpira, nikaona hakuna kinachofaa kama mti wa mhogo: una unene ule ule, na ndani una kiini cheupe laini kinachotoka ukikisukuma kwa spoki ya baiskeli. Kila kijiti nilikikaza upande mmoja tu, ili upande wa pili uchomeke na kuchomoka. Mwisho nilichana tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa uzi mrefu, nikaupitisha ndani ya vipande vyote na kuufunga. Ukivuta, vipande vinaachana na kulala kama kuni. Ukiachia, vinakimbiliana na kuwa duara. Ticha alisafiri ndani ya sufuria, chini ya dagaa, na dereva wa lori hakuona chochote cha kuuliza.

Ah, mwenzangu, wiki zile! Asubuhi tuliokota korosho katika majani makavu, harufu ya mabibo ya mikorosho yaliyoiva ikituzidi nguvu, nyuki wakitambaa mikononi. Mchana, bibi alipojinyoosha kivulini, mdogo wangu aliivaa ringi na kuzunguka uwanja mzima wa kibanda. Kwa sikio lile moja alisikia kila kitu ila hakujua kinatokea wapi, akawa anageuka kila upande, na ringi ikigeuka naye. Mama, ambaye nilikwisha kusahau sauti ya kicheko chake, alicheka hadi akakaa chini.

Lori lilisikika kutoka mbali kwa jinsi lilivyonguruma mchangani. Tukilisikia, tulivuta, tukakunja, tukafukia vipande katika udongo laini kandokando ya tuta la mhogo.

"Ticha yuko wapi?" mjomba aliuliza kila alipofika.

"Yumo humu humu shambani," bibi alimjibu bila kuinua macho kwenye ungo. "Mtafute."

Alitupiga kwa mkono, kwa fimbo ya mkorosho, mara moja kwa ndala. Mdogo wangu alijifunza kuanguka chini mapema, ameziba sikio la kulia kwa viganja vyote viwili. Mgongo aliutoa, sikio aliliweka.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na mjomba akaja kukaa. Bandarini palikuwa na mzozo na makuli walikuwa wamerudishwa majumbani. Alikaa, akakaa, hana kazi, hana cha kubeba, naye akahesabu makosa yetu badala ya magunia. Ringi ilibaki chini ya udongo mbichi, na sisi hatukuthubutu hata kupita karibu.

Wewe mkulima umekwisha kuelewa. Mimi nilikuwa binti wa shamba, nimepanda mhogo tangu nijue kutembea, na bado nilichukua miti mibichi ya mhogo na kuizika ardhini wakati wa mvua, nikitumaini itabaki siri.

Asubuhi moja mjomba alikuwa akipalilia. Aliona machipukizi mazuri, majani yake yamenyooka kama vidole, yameota mahali ambapo hakuna aliyepanda. Akainama, akashika moja na kulivuta. Likatoka na mpira. Akavuta, na mpira ukaendelea kutoka, kipande baada ya kipande, kila kiungo kina majani na mizizi myeupe iliyokaza kama mshono. Alisimama ameishika mali yake iliyoota.

"Nani," alisema polepole, "nani amempanda Ticha?"

Bibi aliangua kicheko. Mama akafuata. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu swali lile halikuwa na jibu lolote la mtu mwenye akili.

Mjomba alimshukia mdogo wangu, aliyekuwa karibu. Aliinua Ticha kwa nguvu zake zote za bandarini, lakini Ticha hakuwa tena yule wa msumarini. Viungo vya katikati viliachana hewani, tyubu ikavutika, na kipande cha mwisho kikarudi na kumpiga mwenyewe mdomoni. Damu ilimtoka, na udongo ukamjaa machoni. Akakitupa kile kitu. Alimkamata mdogo wangu kwa nywele na kumlaza kichwa juu ya goti lake, sikio la kulia likiwa juu, na mkono wake mwingine ukapanda, umekunja ngumi.

Mchi wa bibi ulitua kwenye kifundo cha mkono ule. Niliusikia mfupa. Sijapata kusikia tena sauti kama ile, na nimeishi karibu na watu wagomvi.

Mjomba alipiga magoti, amebana mkono kwapani, akimwita mama yake kama mtoto. Bibi alisimama juu yake, mchi begani, naye akamwambia maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Hawa ni watoto wa dada yako. Hawa ndio watakaokuzika. Ukiwamaliza, utaokotwa na mbwa."

Mdogo wangu alikuwa amelala kifudifudi. Bibi alipiga vidole kando ya sikio lake la kulia. Akageuka.

Sitakudanganya kwamba mjomba aligeuka malaika. Alitupiga tena miaka iliyofuata, na mkono ule ulipona umepinda. Lakini kichwani hakugusa, na juu ya mlango wa Magomeni ulibaki msumari mtupu. Vile viungo vilivyoota bibi aliving'oa mpirani kwa uangalifu, akavipanda katika tuta lake mwenyewe, naye alipotaka kututania aliuliza nani yuko tayari kumla Ticha. Mwaka wa pili tulimchimba.

Yote yamekwenda. Nyumba ya Magomeni imevunjwa na pamejengwa fremu za maduka. Mshona nguo amekufa na redio yake. Bibi alitangulia, mjomba alifuata, na ni kweli, sisi ndio tuliomzika, mdogo wangu akileta sanda kutoka ng'ambo ya Ruvuma alikoolewa. Mbegu ya mhogo ule niliipanda kila mwaka hadi ugonjwa wa majani ulipopita na kuimaliza. Sasa ipo ringi hii ya mjukuu, imelala kwenye begi la safari, na viungo vyake ni mwanzi mkavu. Mimi ni mkali, mitaa yote inajua. Lakini pita nyumbani kwangu uangalie juu ya mlango.

Mjukuu aliacha kuandika, akauliza kama mhogo wa Ticha ulikuwa mtamu. Sikukumbuka. Tukampigia simu mdogo wangu, naye, kama kawaida yake, alitukawiza kwanza akiihamishia simu kwenye sikio la kulia. Alipolisikia swali alicheka kwa muda mrefu.

"Ulikuwa mchungu, dada," alisema. "Lakini tuliumaliza."