Amina ya Ishirini

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kunyamaza. Mradi wa chuo, pale Nakuru mjini, ulichunguza jinsi uongo unavyosambaa kwenye magrupu ya simu, na mimi nikapewa grupu la maombi la akina mama wa Elburgon. Mwenyekiti wao ni shangazi yangu; ndiye aliyewaomba wenzake ruhusa, akaniingiza. Masharti ya msimamizi wangu yalikuwa mafupi: usikosoe, usifundishe, ishi humo kama mwanachama wa kawaida mpaka miezi mitatu iishe. Nilimwona mtu mwerevu sana.

Sasa, mwanachama wa kawaida wa grupu lile huitikia Amina. Likija ombi, Amina. Ikija picha ya maua ya asubuhi njema, Amina. Asiyeitikia huulizwa Jumapili, mbele ya watu, kama ana kinyongo na mtu. Kwa hiyo niliitikia kila kitu, kisha nikajaza jedwali langu: nani ametuma ujumbe, lini, na ameutoa wapi.

Wiki ya sita ukaja ujumbe wa sauti wa mwanamke nisiyemjua, mwenye sauti tamu ya mtu anayekupenda. Alisema tembe za presha ndizo zinazoharibu figo, tuziache, tuchemshe mbegu ya avokado na kumtegemea Mungu. Nilisikiliza mara mbili, nikijua kabisa ni uongo. Amina zilikuwa zimefika kumi na tisa. Nikaweka ya ishirini, nikajaza jedwali, nikaenda kunywa chai.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumsalimia shangazi kwenye kibanda chake cha chai, mkabala na kiwanda cha mbao. Nilimkuta ameketi, yeye asiyeketi wateja wakiwepo, ameshika kisogo. Jikoni palikuwa na sufuria ya maji mekundu, na vipande vya mbegu vikielea.

"Aunty, dawa zako ziko wapi?"

"Niliacha."

"Nani alikwambia uache?"

"Si ni ile voice ya grupu? Mimi nilikuwa na wasiwasi, nikasema wacha ningoje huyu msomi wetu aseme. Ukaweka Amina. Sasa mimi ni nani nibishane na mtu wa university?"

Nilimshika mkono hadi duka la dawa. Muuzaji alimpima, akampima tena, kisha akanitazama mimi. "Huyu mathe aende hospitali saa hii," akasema. Tulikwenda. Daktari alimrudishia tembe zake kwa ukali niliostahili mimi.

Shangazi hakubisha, ila alikuwa na sharti. "Nitameza. Lakini usiniaibishe. Hao watu mimi ndiye nawaombeanga. Wakisikia chairlady amerudia dawa, watasema imani yangu ni ya mdomo tu. Niapie."

Nikaapa. Kwa woga niliokuwa nao, ningeapa chochote.

Jioni hiyo nilimpigia msimamizi nikamweleza yote, isipokuwa kiapo. Aliniambia niwaonye akina mama mara moja, utafiti ukiharibika uharibike. Nikaandika kwa heshima zote: mama zangu, ujumbe ule ni wa uongo, nilikosea kuuitikia, tafadhali rudieni dawa. Kisha mmoja akauliza: "Na chairlady wetu anasemaje? Si yeye alijaribu hiyo ya avokado?"

Siku chache baadaye nilikuwa nimebanana na shangazi kwenye benchi la kibandani, nimekuja kumwona, alipoamua kujibu. Alisogeza simu mdomoni, akarekodi ujumbe wa sauti. Alisema analala vizuri, kichwa hakimgongi tena, anapanda mlima wa kanisani bila kupumzika. Alisema Mungu ni mwema. Hakukuwa na neno moja la uongo katika maneno yake, na tembe hakuzitaja.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja ninayemjua hadi mlango wa nyumba yake. "Asante chairlady. Huyu msichana alikuwa ameniogopesha. Basi, tembe zangu nazitupa kwa choo leo."

Nilianza kuandika. Nikafuta. Nikaandika tena. Shangazi aliweka mkono wake juu ya simu yangu, na sikuuondoa.