Kikombe Kimoja kwa Sufuria ya Hospitali

Maziwa ya sufuria moja yakikatika, na ndani yake mna kikombe cha kila mwanamke, utajuaje ni kikombe cha nani kilichoyaharibu? Nilijiuliza hivyo asubuhi moja nikiwa nimesimama kati ya mitungi ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa na watu wa kushuku tu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani, mtaa wa Kiwanjani, bila kazi. Mama yangu aliuza maziwa. Yalifika kwa pikipiki, mitungi ya plastiki ya njano imefungwa ubavuni, kutoka upande wa Kinna, kutoka Leparua, kutoka popote ngamia walikohamia msimu ule. Wanawake waliyapokea karibu na stendi, wakayanusa, wakayapakia kwenye basi la Nairobi. Mimi nilimsaidia mama kuinua mitungi, na muda uliobaki nilimchosha kwa maswali.

Kabla ya mtungi wowote kupakiwa, alipita mwanamke mmoja na sufuria kubwa ya alumini. Alikuwa mjane wa makamo aliyewahi kuuza maziwa pale pale. Kila mwanamke alimmiminia kikombe kimoja kutoka mtungi wake. Akimaliza kuzunguka, aliwasha jiko la makaa pembeni, akachemsha, akatia majani na sukari, kisha akapeleka chai hospitalini kwa wagonjwa waliotoka mbali ambao hawakuwa na ndugu mjini wa kuwaletea kitu. Hakulipwa. Hakuwa na kofia ya shirika wala kitambulisho shingoni.

Mtu anayefanya kazi bure kila siku hunitia wasiwasi. Nadharia yangu ya kwanza ilikuwa kiti. Hapa kwetu mtu akianza kugawa kitu, subiri kidogo, utaona picha yake kwenye nguzo ya stima. Nikamwambia mama.

"Agombee nini?" mama akauliza. "Yeye kusimama tu ni shida, magoti imekataa."

Nadharia ya pili: anauza chai njiani. Nikajitolea kumsaidia kubeba ili nione. Tulipita wodi moja baada ya nyingine. Aliwamiminia wagonjwa kwenye vikombe vyao wenyewe, na mzee mmoja alipoomba tena akamwongezea bila kumwangalia usoni. Nilichungulia sufuria. Ilibaki utandu tu.

Nikapata nadharia ya tatu, na hii niliipenda. Kikombe cha hospitali kilikuwa kipimo! Maziwa ya mitungi yote yakichemshwa pamoja bila kukatika, basi mzigo ni salama, na hakuna atakayepigiwa simu na mteja wa Nairobi akilia kwamba amepokea maziwa mabovu. Kumbe sadaka ilikuwa ukaguzi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa kwenye kifuniko cha mtungi.

"Na kama ni hivyo?" akasema. "Hiyo chai imekuwa chungu?"

Wakati huo huo vijana fulani mjini walikuwa wanaandaa siku ya kuwaenzi watu wanaojitolea. Waliniomba niandike ukurasa mmoja kuhusu mwenye sufuria, usomwe mbele ya watu. Niliuliza nani analipia mahema. Wakacheka, wakasema wataniambia. Nilikubali kuandika kwa sharti moja ambalo sikuwatajia: niandike tu nikishajua anapata nini.

Ndipo maziwa yakakatika.

Alikuwa amemaliza mzunguko wake kama kawaida, akafunika sufuria, akaenda nayo jikoni. Sisi tuliendelea na mitungi. Baada ya muda akaita, kwa sauti ya kawaida tu, "Haya, njooni muone." Akainua kifuniko. Maziwa yalikuwa yamegawanyika, mabonge madogo meupe yakielea juu ya maji ya kijani kibichi hafifu.

Wanawake wakasogea.

"Abaayo, dada yangu, mtu ameongeza maji," mmoja akamwambia mwenzake.

"Maji haikatishi maziwa. Hiyo ni uchafu."

"Uchafu ya nani?"

"Si unajua nani ni mgeni hapa. Sisi tumeuza miaka yote na haijawahi katika."

"Haijawahi? Na ile yako ya Ramadhani, ulikuwa unaangalia simu ikatukatikia wote?"

Wachache walicheka, lakini macho yalikwenda pale yalipokuwa yanakwenda. Mwisho wa mstari alikaa mwanamke wa Leparua, Mturkana, ambaye alikuwa ameanza kuuza nasi miezi michache tu iliyopita. Wengine walipofika walisema salaam aleikum. Yeye alisema habari zenu, na akajibiwa, lakini kila mara kwa kuchelewa kidogo. Ngamia ambao aliuza maziwa yao hawakuwa wake. Mzigo wake ukikataliwa asubuhi moja tu, wenye ngamia wangempa mwanamke mwingine kesho yake, na watoto wake walikula kwa mtungi ule. Hili kila mtu pale alilijua. Yeye alikuwa anaangalia chini, mkono juu ya kifuniko cha mtungi wake.

Na mimi pia nilimshuku, siwezi kusema vingine. Lakini nilitaka ushahidi.

"Ni rahisi," nikasema. "Tuchukue kikombe kutoka kila mtungi, tuchemshe kimoja kimoja. Kitakachokatika, tumempata."

Wanawake wakaniangalia. Mwenye sufuria akaweka kifuniko chini.

"Na kesho?" akaniuliza.

"Kesho nini?"

"Kesho nani atanipa kikombe, akijua nakipeleka kortini?"

Wakacheka. "Profesa ameshindwa," mmoja akasema, na mwingine akanigusa bega: "Rudi chuo, binti, kesi haijaisha."

Niliomba basi nionje yale ya sufuria. Kufumba na kufumbua mwenye sufuria alikuwa ameshaiinua, akayamwaga yote mtaroni mwenyewe, akaisuuza mara mbili. Mwanamke mmoja alikuwa ameomba masalio ya kulishia mbuzi, naye akanyimwa. Hapo shaka yangu ikahama. Anayeharakisha kumwaga ana kitu cha kuficha, nikawaza, na anayeficha ana mtu wa kumfichia.

Mpakiaji wa basi alikuwa anasubiri. "Sasa napakia zote ama?" akauliza, na alipofika mwisho wa mstari akasimama mbele ya mtungi wa mwanamke wa Leparua bila kuinama. Hakuna aliyesema pakia. Hakuna aliyesema acha.

Mwenye sufuria akaja akichechemea.

"Huo hauendi Nairobi," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Wagonjwa leo hawana maziwa. Huyu amenipa mtungi wake mzima." Kisha akamgeukia yule mwanamke. "Si ndiyo? Inuka basi, unisaidie kubeba."

Mwanamke wa Leparua aliinuka. Aliinua mtungi wake akamfuata.

Wale waliobaki walirudi kwenye mitungi yao. Kisha yule aliyekuwa ametaja mgeni akasema, "Mtungi mzima? Mimi singetoa." Mwingine akasema kumbe ana roho. Wakati basi linaondoka walikuwa wameanza kulaumiana wao kwa wao, nani hakufukiza mtungi wake kwa moshi vizuri, nani alichelewa kupokea, na jina la Leparua halikutajwa tena.

Mimi sikuona roho yoyote. Niliona mwanamke maskini amenyang'anywa mzigo wa siku nzima mbele ya watu, kwa njia ambayo hangeweza kusema hapana. Hii, nikasema moyoni, ndiyo faida niliyokuwa naitafuta: sifa ya mtoaji, kwa maziwa ya mwingine. Nilimwambia mama jioni tukiwa tunaosha mitungi.

"Umemuuliza aliyenyang'anywa?" mama akasema.

Nilimuuliza kesho yake. Alikuwa amekuja na mtungi mwingine, akakaa pale pale mwisho wa mstari, na sufuria ilipopita ilianzia tena kwake.

"Alikulazimisha?" nikasema.

"Wewe unauliza kama polisi," akajibu, na akaendelea kukaza kifuniko.

Siku ile nilisikia pia kutoka kwa mlinzi wa hospitali kwamba jana yake wagonjwa walikuwa wamekunywa strungi, chai kavu, bila tone la maziwa. Basi mtungi mzima ulikwenda wapi? Nilimfuata mwenye sufuria na swali hilo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anapuliza makaa.

"Ulimwagika," akasema.

"Wote?"

"Wote." Akapuliza tena. "Sogea kidogo, unanizibia upepo."

Sikuandika ukurasa. Niliwaambia wale vijana kwamba siwezi kumsifu mtu ambaye hesabu zake za jana hazinielei. Hawakubishana nami, labda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshakataa kuja. Aliwaambia waite kila mwanamke anayetoa kikombe, au wasiite mtu. Mahema hayakuwatosha wanawake wote hao. Nilikwenda kwenye sherehe, nikakaa nyuma, nikapiga makofi kwa waliotajwa, na sikuambiwa kamwe nani alilipia mahema.

Miaka ikapita. Nilipata kazi, nikaondoka, nikawa narudi likizoni. Magoti ya mwenye sufuria yalikataa kabisa, akabaki nyumbani, na sufuria ikachukuliwa na mwanamke wa Leparua. Ni yeye aliyenieleza, siku moja tukimenya tangawizi za chai, bila mimi kuuliza; nafikiri alichoka kuniona nikimwangalia.

Mtungi wake ulikuwa umepasuka usiku wa kuamkia siku ile maziwa yalipokatika, akaazima mwingine kwa shemeji yake wa bodaboda. Ulikuwa umebeba petroli. Aliuosha kwa maji moto, akaufukiza kwa kuni mpaka ukanuka moshi tu, akadhani umepona. Harufu ya petroli aliisikia pale alipomimina kikombe, kwa kuwa asubuhi ile pia mzunguko ulianzia kwake, na alipoinua macho aliona mwenye sufuria ameisikia pia. Alifunika sufuria, akaendelea kuzunguka, akapokea kikombe kutoka kwa kila mwanamke mpaka wa mwisho.

"Sasa kwa nini yakakatika?" nikauliza. "Petroli haikatishi maziwa."

Akatabasamu, akasema hiyo nimuulize muuza mboga.

Nilimuuliza, kwa sababu hata yeye sikumwamini. Muuza mboga wa nyuma ya stendi alikumbuka vizuri. Mwenye sufuria alifika kwake asubuhi ile akiwa na sufuria imefunikwa, akachukua ndimu mbili, akaomba kisu, na akasema ni za dawa ya kifua.